Mita Tisa Nukta Nne

Boti ilikuwa juu ya trela, trela ilikuwa juu ya sakafu ya saruji, na saruji yenyewe ilikuwa kavu hivi kwamba ukidondosha skrubu unaisikia ikirukaruka mpaka ukutani. Fundi Chapchap akaunganisha waya kwenye betri ili aone kama kipima kina kinawaka. Kioo kikawaka, na katikati yake zikatokea tarakimu: mita tisa nukta nne. Akakizima, akakiwasha tena. Tisa nukta nne. Ziwa lilikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka hapo, na yeye alikuwa amesimama na kandambili zake kwenye vumbi.

Akacheka, na fundi yeyote angecheka. Akamwambia mwenye boti, daktari wa mifugo, kwamba vyombo hivi vina akili za kizee, ukivitoa majini vinaendelea kukumbuka maji ya mwisho. Daktari alikuwa mama mnene mwenye sauti ya taratibu, aliyezoea kubembeleza mafahali. Akasema yeye hana haja na kumbukumbu za mtu, anataka kujua mwamba uko wapi, maana juzi amekwangua tumbo la boti akienda kuchanja mbuzi ng'ambo. Kioo alikinunua kipya. Sikio la kiwandani lilivunjika siku ya kwanza, ndipo akapata jingine kwa wazamiaji wanaouza chuma chakavu. Sikio ndilo jina mafundi wanaloliita lile dude jeusi, la kujaa kiganja, linalofungwa nyuma ya boti chini ya maji. Linapiga mlio kwenda chini, linasikiliza unavyorudi, na kioo kinakwambia kuna mita ngapi.

Daktari akaondoka na pikipiki yake. Chapchap akaligeuza lile sikio aone breketi yake ikoje, na kicheko kikamkauka mdomoni. Tundu la skrubu kwenye breketi lilikuwa limerefushwa kwa tupa, na aliyelirefusha alilipeleka upande, kazi ya mtu anayetumia mkono wa kushoto. Shingoni mwa waya palizungushwa utepe wa buluu mara tatu. Chapchap alikuwa wa mkono wa kushoto, na kwenye droo yake bado kulikuwa na utepe wa buluu. Akalileta lile dude puani, na likanuka sabuni ya kufulia.

Sasa niseme wazi, maana kuna wasimulizi wanaopenda kuzungukazunguka mpaka msikilizaji anasinzia, na mimi si mmoja wao. Sikio lile Chapchap alilifunga kwa mkono wake miaka mitatu nyuma, kwenye boti ya zahanati. Boti ile ilizama. Aliyezama nayo alikuwa dereva wake, shemeji ya Chapchap, mume wa dada yake wa pekee.

Dada mtu huyo ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, yeye akiwa na miaka kumi na minne na Chapchap akiwa na mitano. Mpaka siku ile alikuwa chumba cha pili, nyuma ya ukuta wa mbao, akishona maturubai ya boti kwa cherehani ya kukanyaga. Chapchap hakuwa na mtu mwingine duniani. Na dada alijua kile ambacho mji mzima ulijua, kwamba mume wake alilewa, akagonga mwamba, akazama, na mwili haukuonekana.

Walijuaje kwamba alilewa? Chapchap ndiye aliyewaambia. Alisimama kwenye mteremko wa kushushia boti, mbele ya watu wote, akasema asubuhi ile shemeji alimpitia akinuka pombe. Mtu mwenyewe hata dawa ya kikohozi alikuwa akiuliza kwanza kama ina kilevi! Lakini maneno yakishatoka yametoka. Dada akawa mjane wa mlevi. Akaacha kupita mteremkoni, akapunguza salamu, na siku moja akasema, akitunga uzi kwenye sindano, kwamba labda hakumjua mume wake vizuri. Chapchap alimsikia na akanyamaza.

Ukweli ulikuwa hivi. Kufunga sikio la boti si kazi ngumu, inataka subira tu. Unapima mstari wa maji boti ikiwa na mzigo, unatoboa tundu la waya juu ya mstari huo, kila tundu unalijaza silikoni, kisha unaliacha likauke mpaka kesho yake. Chapchap alipima boti ikiwa tupu, juu ya trela. Tundu la waya, tundu la kuingia kidole gumba, likaangukia chini ya mstari. Akatoboa jingine juu, akataka kuliziba la kwanza, akakuta silikoni imekwisha. Iko hila ambayo mafundi wa boti wanaijua na hawaisemi mbele ya mteja: unaikanda sabuni ya kufulia, unaishindilia tunduni, unapangusa, unapaka rangi juu. Maji yanazuilika kwa muda. Boti inaweza kukaa hapo ilipofungwa mpaka kesho ununue silikoni, lakini safari haiwezi.

Asubuhi shemeji akaja mbio. Ng'ambo kulikuwa na mama anajifungua kwa shida na mkunga alitakiwa kufuatwa kwa boti, apelekwe kwake. Akamkuta Chapchap na kikombe cha chai, akauliza kama boti iko tayari. Na Chapchap, ambaye jina hilo alipewa kwa sababu hajawahi kumwambia mteja kwamba kazi haijaisha, akajibu palepale.

"Iko tayari, shemeji. Nenda."

Shemeji akagonga ubavu wa boti mara mbili, ko, ko, kama alivyofanya kila siku kabla ya kuwasha mashine. Akaenda zake.

Tuyaache hayo, turudi kwenye karakana. Chapchap alilichukua lile sikio akalitia kwenye kopo la rangi, akafunika, akaweka nyundo juu. Alipanga kumwambia daktari kwamba limeungua. Kesho yake saa tatu alikuta kopo limefunikwa vilevile na nyundo iko juu yake, na sikio liko nyuma ya boti, mahali hasa ambapo lingefungwa, limening'inia kwa waya wake na linadondosha maji. Kioo kilikuwa kinawaka. Betri ilikuwa chini ya meza, haijaunganishwa na kitu chochote. Mita saba nukta moja.

Akajiambia kwamba ni hitilafu ya umeme. Akajiambia pia kwamba kuna mtu anamchezea. Lakini fundi ni fundi, na hesabu ile ilikuwa nyepesi mno: jana tisa nukta nne, leo saba nukta moja. Kilichokuwa chini kilikuwa kinapanda.

Adhuhuri, jua likiwa utosini na barabara tupu, cherehani ya dada ikanyamaza ghafla. Dada akachungulia mlangoni na futi yake ya kupimia shingoni, akauliza kwa sauti ya chini ni nani anayegonga boti. Chapchap akasema hakuna mtu. Dada akasema ameisikia mara mbili, ko, ko, kisha akarudi ndani. Hakushona tena mchana ule.

Jioni yake chai ikatoka povu. Dada akaimwaga, akaisugua sufuria kwa mchanga, akachemsha upya, na povu likapanda tena mpaka ukingoni, jeupe, zito, na nyumba nzima ikanuka sabuni. Akasema labda hakuisuuza vizuri. Alisema hivyo huku akimtazama mdogo wake na si sufuria.

Siku ya tatu daktari akaja kuhimiza, akaliona sikio mahali pake, akauliza mbona halijafungwa. Chapchap akaona aibu. Angeweza kusema ukweli hata pale, lakini ulimi ukamjibia wenyewe kwamba kesho litakuwa tayari. Akapima vizuri safari hii. Akachora mstari kwa penseli, akachukua drili, akatoboa. Faiba ya boti ikitobolewa hutoa vumbi jeupe kavu, linalowasha ngozi. Drili ile ilitoa vipande vyeupe vilivyojikunja, laini, vya baridi, vikaanguka juu ya miguu yake. Akaokota kimoja. Kilikuwa sabuni. Akaendelea kutoboa, na sabuni ikaendelea kutoka, sabuni nyingi kuliko unene wa boti yote, na ndani ya tundu, kwa mbali, akasikia mlio wa sikio, tik, tik, tik, na kati ya mlio na mlio mtu akihema kwa taabu, mtu aliyepanda kutoka mbali na ambaye bado hajafika. Kioo kikasema nne nukta sita.

Ndipo akatoka mbio kwenda kwa yule mama mzee anayeuza mkaa nyuma ya kituo cha mafuta na kuagua watu kati ya gunia na gunia. Mama huyo hakufukiza kitu wala hakutikisa kitu. Alimsikiliza mpaka mwisho huku akipangusa mikono yake kwenye kanga.

"Jini mwenye njaa namfukuza kabla mkaa haujashika moto," akasema. "Huyu hana njaa, mwanangu. Huyu ana kesi. Shemeji yako alipofika chini alimkuta mwenyeji wa maji, na mwenyeji amekaa naye miaka mitatu akisikiliza habari moja tu. Sasa amechoka kuisikiliza. Anapanda naye."

Chapchap akauliza dawa ni nini. Mama akamuuliza uongo aliusemea wapi, na mbele ya nani. Akajibu mteremkoni, mbele ya watu wa boti wote.

"Basi dawa unayo. Kaseme palepale, kwa mdomo uleule."

Akauliza kama haitoshi kumwambia dada peke yake. Mama mzee akamtazama, kisha akamuuliza kama ananunua mkaa au hanunui, maana wateja wanasubiri.

Jamani, mtu akizoea njia ya mkato haiachi. Chapchap akamfuata dada jikoni, akapiga magoti, akamweleza yote: tundu, sabuni, chai, pombe ambayo haikuwapo. Alilia kweli, simsingizii. Dada alikuwa anakata vitunguu. Kisu kikasimama. Chapchap akaanza kuomba yabaki kati yao, akasema watu wakijua hatapata kazi tena, akasema wao ni ndugu, ya nyumbani yaishie nyumbani.

"Miaka mitatu," dada akasema polepole. "Nimelala peke yangu miaka mitatu nikimchukia maiti. Wewe ukila chakula changu." Akaweka kisu chini. "Mume wangu ulimchafua mbele za watu. Sasa unakuja kumsafisha jikoni?"

Akatoka nje. Chapchap akabaki na magoti yake sakafuni, na akajisikia nafuu, ndiyo, nafuu, akadhani limekwisha. Alipokwenda karakana akakuta kioo kinasema mbili nukta mbili, na hesabu haikushuka tena siku ile wala iliyofuata. Akayajaza matundu yote silikoni, silikoni halisi, akayaacha yakauke siku nzima. Akaanza hata kupiga mluzi.

Daktari akaja na gari la kukokota trela, wakaenda mteremkoni saa sita mchana. Watu walikuwapo kama kawaida: wenye boti, wapakizi, wauza mafuta ya mashine, kina mama wa samaki. Na dada alikuwapo. Hakuwa amekanyaga pale miaka mitatu. Alisimama na mikono kiunoni juu ya mteremko, akimtazama mdogo wake bila kupepesa. Chapchap alijua anasubiri nini. Akamkwepa macho, akamtania muuza mafuta kuhusu kitambi chake, watu wakacheka.

Trela ikarudi nyuma mpaka majini, boti ikaelea. Daktari akakaa ndani mbele ya kioo. Chapchap akaingia majini mpaka kiunoni, akashika nyuma ya boti aone kama sikio limezama sawasawa. Ndivyo inavyofanywa.

"Fundi," daktari akaita, "hapa maji yamefika wapi?"

Akasema mita moja hivi.

"Kioo kinasema nukta sita." Akainamia kioo. "Nukta nne. Fundi, kuna kitu kiko kati ya boti na chini."

Maji yaliyomzunguka Chapchap yakaanza kutoka povu, kwanza kidogo kidogo kwenye mapaja, kisha jingi, jeupe, lenye harufu ileile, na akataka kurudi nyuma lakini mguu wa kushoto haukuja, kwa sababu vidole vilikuwa vimekizunguka kifundo chake, vidole laini, vilivyolainika kama mche wa sabuni uliosahauliwa ndani ya ndoo, navyo havikuwa na haraka, vilipanda kutoka kifundo hadi goti na kutoka goti hadi paja mithili ya mtu anayepanda ngazi, huku sikio likilia tik tik tik mpaka milio ikagusana ikawa mlio mmoja, na daktari akisoma kwa sauti iliyokwisha taratibu yake yote, nukta tatu, nukta mbili, nukta moja. Kisha Chapchap akazama.

Daktari akamdaka ukosi wa shati. Kichwa kikatoka, na povu puani.

"Shemeji hakulewa!" akapiga kelele. Akavutwa chini.

Daktari na wapakizi wawili wakavuta. Kichwa kikatoka tena. "Nilimsingizia! Nilisema uongo!" Akavutwa chini, na wapakizi nao nusura waende naye.

Mara ya tatu alikaa chini muda mrefu, na kina mama wa samaki walishaanza kulia. Alipotoka hakuwa na sauti ya mtu mzima. Alisema yote. Alisema tundu lilikuwa lake, alipima vibaya, akaliziba kwa sabuni, akaulizwa iko tayari na akajibu iko tayari. Alisema mwanamume yule alikwenda kumfuata mkunga akiwa na akili zake timamu, akafa kwa sababu ya mdomo wake yeye fundi. Mteremko mzima ukasikia. Yule muuza mafuta aliyetaniwa akavua kofia. Na mguu ukaachiwa.

Wakamtoa, wakamlaza kwenye saruji. Kwenye paja lake palikuwa na alama nyeupe za vidole vitano, na hazijatoka mpaka leo. Dada akashuka mteremko, watu wakimpisha na kumpa pole, wengine wakimwomba radhi kwa miaka mitatu ile. Akachuchumaa karibu naye. Chapchap akamshika ukingo wa gauni, akamwomba msamaha.

"Mimi nimekusamehe," dada akasema. "Yeye kamuulize mwenyewe."

Jioni ileile akapakia cherehani yake kwenye mkokoteni, akahamia kwa mama wa samaki mmoja aliyemkaribisha. Hajakanyaga tena kwa mdogo wake. Siku hizi anapita mteremkoni kichwa juu, na watu wa boti wanamwita mama, mke wa mtu mwema.

Daktari alikataa kukiona tena kipima kina kile. Akakirudisha chote, sikio na kioo, na Chapchap akakiweka juu ya rafu bila betri wala waya. Kilikuwa kinasema sufuri. Wiki ya pili akakuta kinasema nukta nane, kisha moja nukta tisa, na akafurahi mno. Akaenda kumwambia mama wa mkaa kwamba shemeji anashuka, anarudi kwake chini, kesi imekwisha. Mama akamuuliza mbona anaongea huku amejishika masikio.

Masikio yalikuwa yanamuuma. Yalianza kuuma hesabu ilipokaribia mita mbili, maumivu yale ambayo wazamiaji wanayajua wakishuka. Ilipofika tatu, kifua kikambana. Ilipofika nne, mchana ukaanza kumfifilia ndani ya nyumba, rangi nyekundu akaiona nyeusi, na akikohoa anatema maji yenye povu.

Juzi daktari wa mifugo alipita kumjulia hali, maana ana huruma yule mama. Nyumba ya Chapchap iko kilimani, juu kabisa, hata bomba halifikishi maji. Alimkuta ameketi sakafuni, nywele zinaelea zenyewe kichwani ingawa hakukuwa na upepo. Kioo kilisema sita nukta mbili. Daktari akamuuliza kwa woga, hesabu itasimama wapi?

"Tisa nukta nne, chini alikolala shemeji," Chapchap akasema, na sauti yake ilitoka mbali. Akainua macho kwenye dari, akasikiliza.

Daktari naye alisikia, na ndiye aliyenisimulia. Juu ya bati kuligongwa mara mbili, ko, ko. Kisha mashine ya boti ikawaka, ikapita juu ya nyumba taratibu, ikaenda zake.